Karo Imelipwa. Je, Chakula?

Somo la mwezi kwa jumuiya na vikundi



Tumezoea kusema, "Mtoto wa fulani amepata ufadhili, shida imekwisha." Leo tuliangalie neno hilo vizuri, kwani linaweza kutupotezea watoto.

Kijana mmoja wa upande wetu wa Kipini aliitwa chuo kikuu. Baba yake ni mvuvi, mama analima mpunga na kuuza maembe. Mfadhili akakubali kulipa karo yote. Mimi ndiye niliyemsaidia kujaza fomu, na siku ya kuondoka tulimpigia vigelegele. Baada ya muhula mmoja nikamkuta ufuoni anashusha samaki.

"Mbona uko huku?"

"Dada, karo imelipwa, lakini nilikuwa nalala njaa. Na kodi ya chumba nayo sikuwa nayo."

Kosa lilikuwa langu. Fomu nzima niliijaza naye, wala sikumwuliza hata mara moja: utakula nini? Alirudi chuoni baadaye, lakini mwaka mzima ulikuwa umepotea.

Funzo la zamani

Shida hii si ngeni. Kabla ya Uhuru, vijana wengi wa Kenya walipata nafasi katika vyuo vya Marekani, lakini nauli ya ndege hawakuwa nayo. Barua ya chuo haivukishi mtu bahari. Tom Mboya akaenda Marekani kutafuta msaada. Watu mashuhuri wa huko, kama mchezaji Jackie Robinson na mwimbaji Harry Belafonte, wakatia sahihi barua ya kuomba wananchi wachange. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ikachukua wanafunzi 81. Mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Huku nyumbani nako, wazazi na majirani walichanga.

Kati ya waliosafiri mwaka 1960 alikuwamo Wangari Maathai, binti wa Nyeri. Alisoma Mount St. Scholastica, Kansas, chuo cha masista Wabenediktini, akapata shahada ya biolojia mwaka 1964. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Ona basi: chuo kilitoa nafasi, wengine wakatoa nauli, naye akatoa bidii. Mkono mmoja ukikosekana, safari haipo.

Tufanye nini?

1. Tuhesabu yote kabla mtoto hajaondoka. Andikeni karo, chumba, chakula, vitabu, godoro, na nauli ya kutoka Kipini kupitia Witu na Garsen hadi chuoni, hata kama ni Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi. Mfadhili aulizwe wazi: unalipa nini, na nini hulipi?

2. Tujue tofauti. Basari hairudishwi. Pesa za HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu iliyoundwa mwaka 1995, ni mkopo. Zinasaidia sana, lakini zitalipwa na riba. Mzazi asimwambie mtoto ni pesa za bure.

3. Hati ziwe tayari. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, matokeo ya mtihani, na cheti cha kifo kama mzazi amefariki. Mafuriko ya 2023 na 2024 yametufundisha: ziwekeni ndani ya plastiki, mahali pa juu, na nakala kwa jamaa anayeishi mbali na mto.

4. Kikundi kibebe kilichobaki. Watu 20 wakitoa shilingi 50 kila wiki, hiyo ni shilingi 1,000. Muhula wa wiki 15 ni shilingi 15,000. Si nyingi, lakini mtoto hatalala njaa kila siku. Kidole kimoja hakivunji chawa.

5. Aliyefaulu amvute mwenzake. Akipata kazi, naye aingie katika mchango huo huo.

Maswali ya kujadili

(a) Ni nani kijijini kwetu aliyeacha chuo ilhali karo ilikuwa imelipwa? Tulimwuliza sababu, au tulimcheka?

(b) Ni kijana gani anayengoja barua ya chuo mwaka huu? Hati zake ziko wapi?

(c) Kikundi chetu kinaweza kutoa shilingi ngapi kwa wiki bila kuchoka?

Msifunge mkutano kabla ya kumchagua mtu mmoja wa kumtembelea kijana huyo wiki hii. Aende na kalamu na karatasi, na swali la kwanza liwe lile nililolisahau mimi: utakula nini?