Kuvua Kandokando ya Ziwa Albert: Mwongozo kwa Wakaaji wa Bunia

Kutoka Bunia hadi bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 1,000, lakini maji makubwa hayako mbali. Barabara ya Bogoro inashuka mpaka Kasenyi, takriban kilomita 50, na kwenye mshuko huo msafiri anaacha baridi ya mji ulio zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, anaingia kwenye joto la Ziwa Albert lililo kwenye mita 620 hivi. Vijana wengi wanashuka huko wakiwa na ndoana, uzi na matumaini. Mwongozo huu ni kwa ajili yao, pamoja na kila anayevua karibu na ufuko, kwa mguu au kwa mtumbwi mdogo. Jambo kubwa la kushika ni hili: soma upepo kabla ya kutupa ndoana, na waachie samaki wachanga maji ya kina kifupi. La kwanza litakurudisha nyumbani salama. La pili litafanya wawepo samaki wa kuvua mwaka ujao.

Ziwa lilivyo

Ziwa Albert lina urefu wa takriban kilomita 160 na upana wa kilomita 30 na kitu. Halina kina kikubwa: wastani ni mita 25, na hata pale penye kina zaidi hapafiki mita 60. Mto Semliki unaingia kwa kusini ukibeba matope, na Nile inayotoka Ziwa Victoria inaingia kwenye ncha ya kaskazini na kutoka papo hapo karibu. Kwa upande wetu, milima inaanguka karibu kabisa na maji sehemu nyingi za Mahagi na Djugu, ilhali Kasenyi na Tchomia ziko kwenye uwanda wa mchanga na majani.

Maji haya ni matamu, ingawa yana madini mengi kuliko ya Victoria. Juu yake joto hufika nyuzi 27 hadi 30. Maji ya moto hubeba hewa kidogo, na hapo ndipo tabia ya samaki inapoeleweka. Jua likiwa kali na ziwa limetulia, sangara, ambaye Ituri tunamwita kapiteni, huondoka kwenye maji haba na kutafuta mahali penye kina au panapochafuliwa na mawimbi, kwa maana hawezi kuvumilia upungufu wa hewa. Kambale na kamongo wanaweza kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo wao hubaki kwenye matete na vinamasi hata samaki wengine wakikimbia.

Upepo kwanza

Mvuvi wa baharini, wa Lamu au Unguja, hupanga siku zake kwa kupwa na kujaa kwa maji, kukubwa (bamvua) na kudogo (maji mafu), na mwaka wake kwa pepo za msimu za kaskazi na kusi. Ziwa Albert halina kupwa na kujaa kunakoonekana kwa macho. Hapa upepo wa kila siku ndio unaosogeza maji, chakula na samaki.

Usiku milima inapoa haraka, na hewa baridi inateremka kutoka juu kuelekea ziwani. Kwa hiyo alfajiri, upande wetu wa magharibi, upepo kwa kawaida unatoka nchi kavu kwenda majini. Karibu na ufuko maji yanaonekana yametulia, na hilo linadanganya: mtumbwi usio na nanga unasukumwa taratibu kwenda katikati, kuelekea Uganda. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko ziwa, upepo unageuka, unatoka majini kuja ufukoni. Saa nane au saa tisa za mchana mawimbi yanaweza kuwa yanapiga mchanga kwa nguvu. Kwa sababu ziwa ni refu na halina kina, upepo unaopita kwa urefu wake huinua mawimbi mafupi yaliyosimama, na hayo ndiyo yanayojaza mtumbwi maji.

Ngurumo ni jambo lingine. Juu ya maziwa makubwa ya Afrika, mvua ya radi hupenda kujengeka usiku na kuelekea alfajiri, wakati watu wa nchi kavu wamelala. Katika Ituri mvua huwa nyingi kuanzia Machi hadi Mei, na tena kuanzia Agosti hadi Novemba. Miezi hiyo, ukiona wingu jeusi lenye mguu wa mvua, au upepo baridi ukakupiga ghafla baada ya utulivu, usimalizie chambo kilichobaki. Rudi. Ukisikia radi, toka majini, laza fimbo ya kuvulia chini, kaa mbali na mti ulio peke yake, na usirudi mpaka nusu saa ipite tangu mngurumo wa mwisho.

Samaki gani, wapi, saa ngapi

Sangara ni mwenyeji wa ziwa hili tangu zamani. Wale waliopelekwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 walitoka hapa. Anawinda kwa macho, na saa zake nzuri ni alfajiri na jioni, mwanga unapokuwa mdogo na samaki wadogo wanaposogea ufukoni. Mtafute penye mawe, penye mteremko wa ghafla wa kina, na kwenye mstari ambapo maji ya matope ya mto yanakutana na maji safi. Mstari huo unaonekana kwa macho hasa baada ya mvua. Tupa ndoana upande wa maji safi, karibu kabisa na mpaka wa rangi. Chambo chake kizuri ni samaki mdogo aliye hai, aliyetungwa mgongoni kwa namna ya kumwacha aogelee.

Tilapia, au ngege, anapenda maji ya kina kifupi yenye majani na mchanga. Dume huchimba kishimo cha mviringo kwenye mchanga, na jike hubeba mayai na watoto mdomoni mpaka waweze kujitegemea. Ndoana yake ni ndogo, kwa sababu mdomo wake ni mdogo. Mnyoo au kidonge kidogo cha bugali kinatosha. Tumia uzi mwembamba na kiboya chepesi, na usipige kelele wala kutembea majini, kwa kuwa kivuli na mtikisiko humfukuza. Baada ya jua kuchomoza hadi saa nne ni wakati mzuri.

Kambale anatumia pua na masharubu zaidi ya macho. Maji yakiwa ya matope baada ya mvua, wakati sangara haoni windo lake, kambale ndiye wa kutafuta: usiku, kando ya matete, kwa chambo chenye harufu kama utumbo wa kuku, kikiwa kimelala chini kabisa.

Ngasia, samaki mwembamba mwenye meno yanayotokeza nje, hukata uzi wa kawaida. Ukimlenga, funga kipande cha waya mwembamba mbele ya ndoana, na umtoe ndoana kwa koleo. Vidole viwe mbali.

Usiku usio na mwezi, wavuvi wa taa hutoka kuvua muziri na ragoge, samaki wadogo ambao siku hizi ndio sehemu kubwa ya mavuno ya ziwa zima. Sangara huwafuata. Mwenye mshipi anayetega kando ya mwanga, mahali pa giza, huwa na nafasi nzuri kuliko aliye katikati yake. Lakini usikaribie wavu wa mtu, na omba ruhusa kabla ya kufunga mtumbwi wako jirani naye.

Zana za kuacha

Kokoro, yaani wavu unaoburutwa ufukoni, nyavu za matundu madogo na vyandarua vya mbu vinafanya uharibifu mmoja: vinakokota mahali pa mazalio. Kokoro likipita kwenye vishimo vya ngege linabeba dume, jike na watoto waliomo mdomoni mwake, na mchanga unabaki mtupu. Chandarua chenye dawa kina sumu kwa viumbe wadogo wa majini pia, na kazi yake ni kumlinda mtoto na malaria kitandani. Ndoana inachagua, tena inakupa nafasi ya kurudisha.

Kwa kipimo, upande wa Uganda sheria inakataza sangara aliye chini ya sentimita 50 na ngege aliye chini ya sentimita 28. Ziwa ni moja na samaki hawana upande, kwa hiyo vipimo hivyo vinafaa kufuatwa na mvuvi wa Kasenyi, Tchomia, Joo au Mahagi-Port. Chora alama mbili kwenye kasia lako: moja kwa sentimita 28, nyingine kwa 50. Kwa samaki mfupi, lowesha mkono kabla ya kumshika, umtoe ndoana, umshike ndani ya maji mpaka aondoke mwenyewe.

Mtumbwi na maisha yako

Tarehe 22 Machi 2014, boti iliyokuwa imejaa wakimbizi wa Kongo waliokuwa wakirudi kutoka Uganda ilipinduka kwenye ziwa hili, na zaidi ya watu 200 walikufa. Desemba 2016, boti iliyobeba wachezaji wa mpira na mashabiki wao ilizama upande wa Uganda, wakafa watu wapatao 30. Boti ya 2014 ilikuwa imebeba watu kupita kiasi. Mtumbwi wa watu watatu ubebe watatu, na uwahesabu pia samaki waliovuliwa, maana nao wana uzito.

Kila mmoja avae jaketi la uokozi tangu anapoondoka ufukoni. Kulilaza chini ya kiti hakumsaidii aliyekwisha kuanguka. Funga bidoni tupu zilizozibwa vizuri ndani ya mtumbwi, mbele na nyuma, ili hata ukijaa maji usizame. Beba nanga, kasia la akiba, chombo cha kuchotea maji, tochi, filimbi, na simu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Mtumbwi ukipinduka, shikamana nao. Usijaribu kuogelea hadi ufuko unaoonekana karibu. Karibu na mdomo wa Semliki na kwenye matete mazito kuna viboko na mamba: hapo usivue ukiwa umesimama majini, wala usipite gizani.

Mpaka na usalama

Mpaka wa Kongo na Uganda unapita katikati ya ziwa, na hauna alama majini. Wavuvi wetu wamekamatwa na kunyang'anywa nyavu na injini kwa kuvuka bila kujua. Kumbuka upepo wa alfajiri: aliyelala mtumbwini bila nanga anaweza kuamka upande wa pili. Simu yenye ramani itakuonyesha ulipo, lakini nanga ndiyo itakayokuzuia.

Ituri iliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa (état de siège) kuanzia tarehe 6 Mei 2021. Kabla ya kutoka Bunia, uliza wasafiri wa siku hiyo kuhusu barabara. Ukifika, jitambulishe kwa wakubwa wa bandari na kamati ya wavuvi, uwe na kitambulisho chako, na ufuate saa zilizowekwa za kuingia na kutoka majini.

Afya

Kichocho cha tumbo kimeenea sana pande zote za ziwa hili. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wanaoishi kwenye majani ya ufukoni na kupenya ngozi iliyo majini, na vinakuwa vingi jua linapokuwa juu. Vua ukiwa mtumbwini, juu ya jiwe, au umevaa mabuti marefu. Ukiwa unaingia majini mara kwa mara, nenda kituo cha afya upate dawa ya prazikwanteli, na ujue kwamba dawa hiyo haizuii kuambukizwa tena. Kipindupindu nacho hujirudia Kasenyi na Tchomia. Maji ya kunywa beba kutoka nyumbani, au yachemshe.

Samaki akishatoka majini

Kwenye joto hili samaki huanza kuharibika ndani ya saa chache. Muue mara moja, mtoe utumbo na mashavu, mwoshe kwa maji safi, mfunike kwa majani mabichi kivulini. Kama huna barafu ya kumfikisha Bunia, tengeneza makayabo: mpasue mgongoni, umpake chumvi kilo 1 kwa kila kilo 3 za samaki, umlaze mahali ambapo maji yanachuruzika, kisha umwanike juu ya kichanja, mbali na mchanga na nzi. Ng'ambo ya ziwa, wanawake wa Kibiro wametengeneza chumvi kwa karne nyingi, na biashara ya chumvi na samaki imelisha pande zote mbili.

Kabla ya kushuka ziwani

- Uliza hali ya barabara na usalama asubuhi ileile.
- Tazama mawingu, na uwaulize wavuvi wenyeji upepo wa jana ulivyokuwa.
- Mwambie mtu aliyebaki ufukoni unakwenda wapi na utarudi saa ngapi.
- Kagua jaketi, nanga, bidoni na chombo cha kuchotea maji.
- Pima kila samaki kwa kasia, na mfupi arudi majini.

Mwaka 2020 na 2021 ziwa lilipanda likaingia majumbani, na wengi wakajenga upya mbali kidogo na maji. Ufuko unabadilika, na vishimo vya ngege vinahama nao. Ukiona mazalio mapya, iambie kamati ya wavuvi ya hapo iweke alama ya kuzuia nyavu. Sangara utakayemvua baadaye kwenye kina kirefu hutegemea chakula kinachokua katika maji hayo yanayofika magotini.