Saini Isafiri, Ufunguo Ubaki: Mwongozo wa Kutuma Rekodi kwa Usalama Kwenye Hifadhi ya Mtandaoni

Kijitabu cha elimu kwa umma, Gesima, Kaunti ya Nyamira

Kijitabu hiki ni cha nani?

Ni cha makarani wa vyama vya ushirika, waweka hazina wa vikundi, na vijana wa Gesima wanaoandika programu za kupeleka rekodi mtandaoni: kilo za majani chai, lita za maziwa, mikopo ya wanachama. Daftari likilowa au kompyuta ikiibwa, nakala iliyo mtandaoni huokoa kazi ya miaka. Lakini nakala hiyo hiyo imebeba majina, namba za vitambulisho na namba za simu za majirani zetu. Anayeandika programu ya kuipeleka huko amekabidhiwa amana.

Seva hukutambuaje?

Amazon ilifungua hifadhi yake ya S3 mwezi Machi 2006, na watoa huduma wengine wana njia zinazokaribiana nayo. Programu yako hutuma ombi: PUT kuweka faili, GET kuisoma, DELETE kuifuta. Seva haikuoni wewe, huliona ombi tu. Kwa hiyo unapewa vitu viwili: kitambulisho cha ufunguo, ambacho si siri, na ufunguo wa siri, ambao huonyeshwa mara moja tu unapotengenezwa.

Ufunguo wa siri hautumwi kamwe. Programu huutumia kupiga hesabu juu ya maandishi ya ombi, na jibu la hesabu hiyo ndilo saini. Seva hurudia hesabu ile ile kwa upande wake, na majibu yakilingana, saini hukubaliwa. Ni kama muhuri wa chifu: barua hutoka ofisini, muhuri hubaki kwenye droo. Zaidi ya hapo, saini hii hufungamana na ombi moja, hivyo haiwezi kubanduliwa na kubandikwa kwenye ombi lingine. Hesabu hiyo huitwa HMAC, na ilichapishwa mwaka 1996 na Mihir Bellare, Ran Canetti na Hugo Krawczyk.

Hatua za kusaini ombi

Mtoa huduma akiwa na maktaba rasmi kwa lugha unayoandikia programu, itumie. Jiandikie mwenyewe pale tu inapobidi, kwa mfano kwenye kifaa kidogo cha mzani kisicho na nafasi ya maktaba hiyo. Kwa S3, toleo la 4 la saini, hatua ni hizi:

1. Panga ombi kwa utaratibu uliowekwa: kitendo, njia ya faili, vigezo, vichwa vya ombi kwa herufi ndogo na kwa mfuatano wa alfabeti, orodha ya majina ya vichwa hivyo, na muhtasari wa SHA-256 wa yaliyomo. Muhtasari huo huwa na herufi na tarakimu 64.
2. Fanya muhtasari wa maandishi hayo yote. Juu yake weka mistari mitatu: AWS4-HMAC-SHA256, saa ya ombi, na upeo wake, yaani tarehe, eneo la seva, jina la huduma na neno aws4_request.
3. Tanguliza AWS4 mbele ya ufunguo wa siri, kisha upitishe kwenye HMAC mara nne: kwa tarehe, eneo, huduma, na aws4_request. Hapo umepata ufunguo wa kusainia wa siku hiyo.
4. Kwa ufunguo huo, saini maandishi ya hatua ya 2. Weka saini kwenye kichwa cha Authorization pamoja na kitambulisho cha ufunguo.

Amazon imechapisha mifano yenye majibu yake. Linganisha hesabu zako na mifano hiyo kabla ya kugusa rekodi halisi.

Ombi likikataliwa

Jibu la 403 lina sababu zake. Anza na hizi:

- Saa. Ombi huandikwa kwa saa ya UTC, na Kenya iko mbele kwa saa 3. Saa tatu asubuhi hapa Gesima huandikwa 06:00. Tofauti ikizidi dakika 15, seva hukataa. Stima ikipotea, vifaa visivyo na betri ya saa huamka na saa isiyo sahihi, kwa hiyo visawazishe kwanza kupitia mtandao.
- Jina la faili. Nafasi kati ya maneno huandikwa %20 katika saini, wala si alama ya kujumlisha.
- Ruhusa. Saini inaweza kuwa sahihi na bado ufunguo ukawa hauna ruhusa ya kitendo hicho.

Kumpa mtu faili moja

Usimpe mkaguzi ufunguo. Mtengenezee kiungo kilichosainiwa na chenye mwisho. Kwa S3, muda mrefu kabisa ni siku 7. Yeyote atakayekipata anaweza kukitumia hadi kiishe, basi usikitume kwenye kundi la WhatsApp.

Kulinda ufunguo

- Usiuandike ndani ya programu ya simu, kwa kuwa programu hiyo inaweza kufunguliwa na kusomwa. Seva ya ofisi isaini, simu ipewe kiungo.
- Usiupakie GitHub pamoja na programu yako.
- Kila kifaa kiwe na ufunguo wake. Mzani unaopeleka rekodi hauhitaji ruhusa ya kuzifuta.
- Karani akiacha kazi au simu ikipotea, zima ufunguo siku hiyo hiyo.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ilianza kutumika tarehe 25 Novemba 2019. Data za watu zikifikiwa na asiyeruhusiwa, na kukawa na hatari halisi ya kuwadhuru, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu mlipojua. Sheria hiyo pia inaweka masharti ya kupeleka data nje ya nchi. Eneo la seva za Amazon lililofunguliwa Cape Town mwaka 2020 liko nje ya Kenya, basi wanachama waelezwe rekodi zao zinakaa wapi.

Ndugu karani, na wewe kijana mwandishi wa programu: kabla ya mkutano ujao wa kikundi, orodhesheni funguo zote mlizo nazo, nani anazishika na kila moja inaruhusu nini. Usiojulikana kazi yake uzimwe.