SOMO LA MWEZI: SAA YA MFUKONI NA JINSI INAVYOGAWA NGUVU



Makongeni na Muthurwa ilikuwa mitaa ya wafanyakazi wa reli, na kazi ya reli ni kazi ya saa. Si ajabu basi kijana kukuta saa ya mfukoni katika sanduku la babu. Wengine huiuza kama skrepu, wengine huichokoa kwa kisu. Kabla hujafanya hivyo, tujifunze pamoja jinsi saa za kale zilivyoundwa.

1. Nguvu inatoka wapi?
Saa hizi hazina betri. Ndani mna springi, yaani utepe wa chuma uliokunjwa ndani ya kidebe cha mviringo. Zilianza kutengenezwa mapema miaka ya 1500, na Peter Henlein wa mji wa Nuremberg, Ujerumani, ni mmoja wa mafundi wa kwanza wanaojulikana. Ukizungusha ufunguo, springi inakazika. Shida ni kwamba ikikazwa huvuta kwa nguvu, ikikaribia kwisha huvuta kwa unyonge. Ni kama mshahara: tarehe mbili ni nyama, tarehe ishirini ni sukuma bila mafuta.

2. Pia na mnyororo
Mafundi waliweka kando ya kidebe kitu chenye umbo la pia, ile ya watoto kuchezea: nyembamba upande mmoja, pana upande wa pili. Kamba ya utumbo, na baadaye mnyororo mdogo kama wa baiskeli, iliunganisha viwili hivyo. Springi ikiwa na nguvu nyingi, mnyororo huvuta sehemu nyembamba. Nguvu ikipungua, huvuta sehemu pana. Fundi wa magari anajua: spana ndefu hufungua nati kwa nguvu kidogo. Hivyo magurudumu hupata nguvu karibu sawa kutwa nzima.

3. Nani anazuia?
Bila breki, springi ingejikunjua yote mara moja. Kwa hivyo kuna gurudumu la mizani linaloyumba huku na huku. Fimbo yake ina vibati viwili: kimoja kikiachilia jino la gurudumu lenye umbo la taji, kingine kinakamata jino la upande wa pili. Ndiyo ile tik-tik tunayosikia. Saa za kwanza zilikosea sana, hata nyingi zilikuwa na mkono mmoja tu. Mwaka 1675 Mholanzi Christiaan Huygens alitangaza springi ya pili, nyembamba kama unywele, ya kurudisha gurudumu hilo kwa mwendo uleule. Makosa yakapungua sana, na mkono wa dakika ukawa wa kawaida.

4. Kwa vijana wanaojifunza ufundi
Ukiona pia na mnyororo, jua muundo huo ni wa zamani. Usilazimishe ufunguo. Usitie mafuta ya kupikia. Usilegeze skrubu springi ikiwa imekazwa, maana nguvu yote itatoka kwa pamoja, mnyororo ukatike na meno yavunjike. Mpelekee fundi saa mwenye uzoefu, umtazame akilegeza springi polepole. Na usiuze kwa kilo. Hiyo ni mali ya jamii nzima, sikilizaneni kwanza.

Zoezi la kikundi
Katika safari ya Ziwa Tanganyika iliyoanza mwaka 1857, Burton na Speke waliharibikiwa na saa zao. Wakatundika risasi kwa uzi, wakapimia sekunde. Nanyi tundikeni jiwe dogo kwa uzi wa mita moja, mlisukume kidogo. Likienda upande mmoja ni sekunde moja, likirudi ni ya pili. Hesabuni hadi 60, mlinganishe na saa ya simu.

Maswali
(a) Mkifupisha uzi, jiwe linaenda mbio au polepole?
(b) Kwa nini mafundi hawakutafuta tu springi kubwa zaidi?
(c) Nyumbani kwako, ni kitu gani kinafanya kazi ya ile pia, ili tarehe ishirini nayo ipate chakula?