Gari la kifahari lililozeeka: bei ya kulinunua na bei ya kuwa nalo



Somo la mwezi huu linahusu gari. Wengi wenu mmepata kazi ghalani inayoanza saa kumi na moja alfajiri, wakati mabasi bado ni machache, na leseni mnayo. Mkitafuta kwenye simu mnakuta Range Rover Sport ya mwaka 2008 inauzwa pauni 2,500, na kando yake Toyota Yaris ndogo kwa bei hiyo hiyo. Moyo unakwenda kwenye ile kubwa.

Hakuna aibu hapo. Kenya baada ya uhuru, wakubwa waliopanda Mercedes walipewa hata jina, Wabenzi. Sisi tuliokulia kambini tulijua kwamba gari kubwa ni la shirika au la mheshimiwa. Tena Range Rover inaundwa hapa jirani, Solihull. Basi simcheki mtu. Nataka tufanye hesabu pamoja kabla pesa haijatoka mfukoni.

Jambo la kushika

Gari likizeeka, bei yake hushuka. Bei ya spea zake haishuki, wala bei ya saa ya fundi. Gari lililouzwa makumi ya maelfu ya pauni lilipokuwa jipya litaendelea kudai tairi, breki na mafuta ya gari la makumi ya maelfu, hata kama wewe umelinunua kwa pauni 2,500. Ndiyo sababu mwenye nalo analiuza rahisi.

Gharama ambazo hazikwepeki

*Kodi ya gari.* Magari yaliyosajiliwa kati ya Machi 2001 na Machi 2017 hutozwa kodi kulingana na moshi wake. Range Rover Sport ya dizeli ya 2008 iko kwenye kundi la juu kabisa, na kwa viwango vya 2025 kodi yake inazidi pauni 700 kwa mwaka. Gari dogo lenye moshi kidogo linaweza kulipa chini ya pauni 50. Kumbuka pia kwamba tangu Oktoba 2014 kodi haihami na gari. Muuzaji akikuambia "kodi ipo mpaka Desemba", hiyo ni yake. Wewe lazima ulipe yako kabla ya kuliendesha.

*Eneo la Hewa Safi.* Tangu Juni 2021, gari lisilotimiza kiwango hulipa pauni 8 kwa kila siku linapoingia katikati ya Birmingham, ndani ya barabara ya mzunguko ya A4540. Hakuna kizuizi wala mtu wa kukusimamisha. Kamera inasoma namba, na kulipa ni juu yako. Usipolipa ndani ya siku sita baada ya safari, faini ni pauni 120, au 60 ukilipa ndani ya siku 14, na zile 8 bado unadaiwa. Kwa kawaida dizeli ya kabla ya Septemba 2015 hulipa, na petroli ya kabla ya 2006 pia. Hospitali ya Watoto iliyoko Steelhouse Lane imo ndani ya eneo hilo.

*Bima.* Magari yamepangwa katika makundi kuanzia 1 hadi 50, na haya ya kifahari yako juu. Ukiwa dereva mpya hapa, bei inaweza kuzidi bei ya gari lenyewe. Kuandikisha bima kwa jina la shemeji wakati mwendeshaji mkuu ni wewe ni udanganyifu, na siku ya ajali kampuni inaweza kukataa kulipa. Kuendesha bila bima ni faini ya pauni 300 na alama 6, na polisi wanaweza kulichukua gari. Aliyefaulu mtihani hapa chini ya miaka miwili akipata alama 6, leseni inafutwa.

*MOT.* Gari lililozidi miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka. Ada haizidi pauni 54.85. Lakini ukaguzi huo hauangalii hali ya injini, klachi wala gia. "Lina MOT mpya" haina maana ya "ni zima".

Fundi na spea

Nyumbani, kinachouma ni spea; fundi mnaelewana. Hapa fundi huhesabu saa. Gari la kifahari limejazwa vitu vingi mahali padogo, kwa hiyo kufikia kitu kidogo kunaweza kula siku nzima ya kazi.

Mfano ni mifuko ya hewa. Range Rover Sport ya miaka hiyo haikukalia springi za chuma; imebebwa na mifuko iliyojazwa hewa. Mfuko ukivuja, asubuhi unalikuta limelala upande mmoja. Mfano mwingine ni chujio la moshi la dizeli. Linahitaji safari ndefu ili lijisafishe. Safari za shule na dukani tu huliziba. Mtu akikuambia "tutalitoa kabisa", kataa: gari lililoundwa nalo likikutwa halina, halifaulu MOT.

Hesabu ya mwaka mmoja

Chukua baba anayeendesha hiyo Range Rover maili 8,000 kwa mwaka, na kuingia katikati ya mji siku mbili kwa wiki.

- Kodi: pauni 700 na zaidi
- Ada ya MOT: pauni 54.85
- Hewa Safi, siku 100 kwa pauni 8: pauni 800
- Dizeli, maili 25 kwa galoni, ni kama lita 1,455. Tukikadiria lita moja kwa pauni 1.40: karibu pauni 2,040

Jumla ni karibu pauni 3,600. Imeshapita bei ya kununulia, na bado hatujataja bima, tairi wala fundi. Gari linalokwenda maili 50 kwa galoni lingetumia nusu ya mafuta hayo. Ile Yaris, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Vitz, haina mifuko ya hewa ya kuvuja.

Pesa hizi zina wenyewe: kodi ya nyumba, viatu vya shule, na mama anayesubiri mwisho wa mwezi. Gari likisimama, na kazi inaweza kusimama.

Kabla hujalipa

1. Andika namba ya usajili, ingia tovuti ya GOV.UK, usome historia ya MOT. Ni bure. Angalia maili zinavyopanda kila mwaka na maonyo yanayojirudia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukinunua ufa wa mwenzako, ukuta utaujenga wewe.
2. Kwa namba hiyo hiyo angalia kodi, ada ya Hewa Safi na bei ya bima. Fanya hivyo kabla ya kwenda kuliona, maana ukishalikalia utashindwa kusema hapana.
3. Duka la magari linabanwa na sheria ya haki za mnunuzi ya 2015: gari likiwa bovu una siku 30 za kulirudisha na kudai pesa yako. Ukinunua kwa mtu binafsi, kinga yako ni ndogo sana.
4. Baki na akiba ya matengenezo. Kama bei ya gari inamaliza pesa zote ulizo nazo, gari hilo limekuzidi.

Maswali ya kujadili nyumbani

- Gari hili litatuingizia nini, na litatutoa nini kila mwezi?
- Likiharibika Jumatatu, tutafikaje kazini Jumanne?
- Gari dogo lingefanya kazi gani ambayo hili litafanya, na ipi ambayo halitaweza?

Ukipata gari unalolipenda, njoo ofisini na namba yake ya usajili kabla ya kutoa hata amana. Tutakaa na kuisoma historia yake pamoja.