Nyama Aliyokula Eli

Somo la wiki hii ni juu ya kujenga tabia ya watoto wetu nyumbani. Fungua 1 Samweli 2, anza mstari wa 12, soma mpaka mwisho wa sura kabla hujaendelea na ukurasa huu.

Wengi wetu tukitajiwa Eli tunasema ni baba aliyenyamaza. Hapana. Soma mstari wa 22 hadi 25. Aliwaita Hofni na Finehasi, akawaambia mabaya yao yamemfikia kupitia kwa watu, akawaonya kwamba mtu akimkosea Mungu mwenyewe, hakuna wa kumwombea. Hayo si maneno mepesi. Lakini ukifika sura ya 3 mstari wa 13, Mungu anasema nyumba yake itahukumiwa kwa sababu alijua na hakuwazuia. Kumbe kusema ni kitu kimoja, na kuzuia ni kingine.

Kwa nini alishindwa kuwazuia? Jibu liko 2:29, na wahubiri wengi huwa tunalipita mbio. Kulingana na Walawi 7, fungu la kuhani lilikuwa kidari na paja la kulia. Vijana hawa hawakutosheka. Walituma mtumishi na uma wa meno matatu, chochote kilichotoka kwenye chungu ni chao. Tena wakadai nyama mbichi kabla mafuta ya Bwana hayajateketezwa, na ukikataa wanachukua kwa nguvu. Sasa jiulize, nyama hiyo ililiwa na nani? Mungu hamwambii Eli kwamba wanawe wamejinenepesha. Anamhesabu pamoja nao, wote walinenepa kwa sadaka ya watu. Na 4:18 inasema Eli alikuwa mzito. (Sisemi kila mtu mnene ana dhambi, mama zangu msinikasirikie.) Mzee alikemea wizi, lakini wizi ulipoletwa mezani, alikula.

Hapo ndipo shida yetu iko. Kijana wa miaka 22 hana kazi inayojulikana, lakini analeta unga, ananunua tokeni za stima, analipa nyumba miezi miwili mbele. Mama anasimama kutoa ushuhuda kwamba Mungu amefungua mlango. Mlango upi? Hajauliza, kwa sababu akiuliza na jibu liwe baya, itabidi arudishe unga. Kumzuia kijana kuna gharama. Inaweza kuwa ni kulala giza wiki nzima na kumwambia, "Pesa hii siichukui mpaka uniambie imetoka wapi." Maneno kumi ya kukemea hayafiki hapo.

Au mtihani wa kidato cha nne. Siku ya maombi ya watahiniwa, mtoto anapiga magoti, anawekewa mikono na watumishi wa Mungu, na baba aliyesimama nyuma yake ameshatuma mchango kwa simu wa kununua karatasi iliyovuja. Ikigunduliwa, matokeo yanafutwa. Isipogunduliwa ni mbaya zaidi, naona mimi, maana mtoto ameshajifunza ni nani hasa aliyejibu maombi.

Siku moja darasa la Shule ya Jumapili tulikuwa kwenye amri ya kutoshuhudia uongo. Mtoto wa kama miaka tisa akainua mkono. "Mwalimu, mama wa chama akikuja na mama aniambie niseme hayuko, dhambi ni ya nani?" Wenzake walicheka sana. Mimi nilimwambia amwombe mama ruhusa ya kusema, "Mama anasema leo hana, atakuja kesho." Ni aibu, ndiyo. Lakini ni aibu ambayo mtoto anaweza kuibeba bila kuharibika.

Sasa muangalie Samweli. Alilelewa Shilo, karibu na hao hao wakina Hofni. Alikuwa na mama aliyemshonea kanzu ndogo na kumpelekea kila mwaka (2:19). Na alikuwa na kazi: 3:15 inaonyesha ndiye aliyefungua milango ya nyumba ya Bwana asubuhi. Mtoto aliyetoka kusikia sauti ya Mungu usiku bado aliamka akafanya kazi yake. Nawasihi wazazi wenye wasichana wa kazi, mtoto pia apewe mlango wa kufungua. Lakini tusimfanye Samweli hirizi. Wanawe mwenyewe, Yoeli na Abiya, walikula rushwa (8:3). Utumishi wa baba haumfanyi mtoto mwaminifu.

Jambo moja Eli alilifanya vizuri, na sijasikia likihubiriwa. Asubuhi hiyo Samweli aliogopa kumwambia maono. Eli akamwita mwanangu, akamtaka asimfiche hata neno moja (3:16-18). Mtoto akamwambia mzee usoni kwamba nyumba yake imekwisha. Eli hakumpiga, hakumwambia hana heshima. Alikubali kwamba ni Bwana amesema.

Kwa hiyo, zoezi la ibada ya nyumbani wiki hii. Someni mistari hiyo mitatu pamoja. Zimeni televisheni. Kisha mzazi aulize watoto, "Kuna kitu tunafanya hapa nyumbani ambacho mnajua si cha kweli?" Wakianza kusema, usikatize. Mdogo kabisa aanze.