Usalama Viwanjani: Majibu ya Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) 2027. Maandalizi yake si nyasi na viti peke yake. Yanahitaji pia watu waliofunzwa ulinzi na usimamizi wa vihatarishi, yaani kuyatambua mapema mambo yanayoweza kuleta madhara na kuyadhibiti kabla hayajatokea.

Kwani ulinzi uwanjani si kazi ya polisi?
Polisi hushughulikia uhalifu. Kuwaelekeza mashabiki kwenye viti, kuhesabu wanaoingia na kuhakikisha njia za kutokea hazijazibwa ni kazi ya wasimamizi wa mashabiki, wale wanaovaa vizibao vya kuakisi mwanga. Mwongozo wa FIFA unataja msimamizi mmoja kwa kila watu 250, na mmoja kwa kila watu 100 mechi inapokuwa na hatari kubwa.

Wanafundishwa nini hasa?
Hufundishwa huduma ya kwanza, mawasiliano ya redio, namna ya kuwatoa watu haraka, na tathmini ya vihatarishi. Katika tathmini, kila kihatarishi hupewa alama 1 hadi 5 kwa uwezekano wa kutokea na 1 hadi 5 kwa ukubwa wa madhara, kisha alama hizo huzidishwa. Kwa mfano, kuchelewa kufunguliwa kwa mageti kunaweza kupata 4 mara 5, yaani 20, na hapo lazima hatua zichukuliwe kabla ya siku ya mechi.

Nani anaamua kuwa uwanja umejaa?
Ni afisa usalama wa mechi, na haangalii viti tu. Mwongozo wa Uingereza unaotumiwa na wataalamu wengi unakadiria kuwa mlango wenye upana wa mita 1 hupitisha watu 82 kwa dakika, na unataka watu wote wa jukwaa waweze kutoka ndani ya dakika 8. Kwa hesabu hiyo, mlango wa mita 2 unatosha watu 1,312. Mlango huo ukibaki umefungwa, watu hao wasiruhusiwe kuingia hata kama viti vyao vipo.

Je, ni kweli kwamba maafa husababishwa na mashabiki wakorofi?
Wengi huamini hivyo, lakini uchunguzi umeonyesha vinginevyo. Katika maafa ya Hillsborough, Uingereza, mwaka 1989, yaliyoua watu 97, mashabiki walilaumiwa kwa miaka mingi. Mwaka 2016 baraza la uchunguzi wa vifo lilitamka kuwa hawakuwa na kosa. Katika msongamano wa namna hiyo, wengi hufa kwa kubanwa kifua na kukosa pumzi, mara nyingine wakiwa bado wamesimama.

Mabomu ya machozi hayasaidii kutuliza fujo?
Ndani ya uwanja, moshi huo huwakimbiza watu wote kwa pamoja kuelekea milango michache. Accra, Ghana, mwaka 2001 walikufa watu 126, na Malang, Indonesia, mwaka 2022 walikufa 135, baada ya polisi kuyafyatua majukwaani. Ndiyo maana mafunzo hutilia mkazo kuzungumza na mashabiki, na kufungua milango mapema.

Nina haki gani ninapopekuliwa?
Una haki ya kupekuliwa kwa staha. Sheria za mwenendo wa makosa ya jinai za Kenya na Tanzania zinataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake. Ukiona umedhalilishwa, omba kuonana na msimamizi mkuu wa geti au toa taarifa kituo cha polisi.

Sina tiketi. Nikienda mapema naweza kuingia?
Tafadhali usiende. Wakati wa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Agosti 2025, watu wasio na tiketi walivamia mageti ya uwanja wa Kasarani, Nairobi, na Shirikisho la Soka Afrika (CAF) likaamuru mechi za Kenya uwanjani hapo zisizidi watazamaji 27,000. Wanaoumia kwa uvamizi wa namna hiyo ni pamoja na wale waliolipa.

Nikibanwa kwenye msongamano nifanye nini?
Kunja mikono mbele ya kifua ili upate nafasi ya kupumua, simama imara, na usiiname kuokota kitu. Usishindane na msukumo. Msukumo ukipungua, sogea pembeni kidogo kidogo. Ukianguka na kushindwa kuinuka, lala kwa ubavu, jikunje na ukinge kichwa.

Ninaweza kujiunga na mafunzo ya wasimamizi wa mashabiki?
Anza kwa kuuliza shirikisho la soka la nchi yako, yaani TFF, FKF au FUFA, au klabu iliyo karibu nawe. Usitume pesa kwa namba ya simu inayokuahidi cheti au kazi ya AFCON kabla hujathibitisha na ofisi husika.

Siku ya mechi, fika mapema, shika tiketi yako mkononi, na ukishakaa tu, tazama mlango wa kutokea ulio karibu nawe uko wapi. Ukiukuta umefungwa kwa kufuli, mwambie msimamizi papo hapo.