Hofu ya Hesabu

Twajua ya kuwa watu hawakulingana katika hesabu. Srinivasa Ramanujan wa Bara Hindi, aliyezaliwa mwaka 1887, alijivumbulia kanuni nyingi karibu peke yake. Tena wako watoto wenye akili njema ambao tarakimu huwatatiza sana.

Lakini si kila tofauti ni ya kuzaliwa. Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walieleza uchunguzi wao juu ya walimu wanawake 17 wa darasa la kwanza na la pili. Mwanzo wa mwaka wa shule, hofu ya mwalimu haikuonekana katika hesabu za watoto. Mwisho wake, kadiri mwalimu alivyoogopa hesabu, ndivyo wasichana wake walivyozidi kusadiki kwamba hesabu ni kazi ya wavulana. Na waliosadiki hivyo walikuwa nyuma ya wenzao. Wavulana hawakuonekana kudhurika.

Basi sisi tufundishao na kulea watoto, tuchunge ndimi zetu. Mama amwambiaye binti yake, “Hata mimi hesabu sikuziweza,” adhani amfariji, kumbe amfungia mlango. Afadhali aketi naye, wahesabu pamoja mbegu au fedha, polepole, asimcheke akikosa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Maswali:
1. Hofu ya mwalimu yawafikiaje wasichana?
2. Nyumbani mwetu twasema nini juu ya hesabu, watoto wakisikia?